Jezi ya Namba Tano

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, jua lilipokuwa likielekea kuzama nyuma ya vilima vya Itaba, mkoani Gitega, katika nchi ya Burundi, mama mmoja alikuwa akianua nguo kambani. Hazikuwa nguo za watoto wake. Zilikuwa jezi kumi na nne za rangi ya kijani, zilizopauka mabegani kwa jua na sabuni, mali ya timu ya vijana wa kilima chao. Nyumba yake ilikuwa karibu na chemchemi kuliko nyumba nyingine zote, na kwa sababu hiyo tu, tangu msimu ulipoanza, kazi ya kufua jezi ilikuwa yake. Hakuna aliyempa kazi hiyo kwa barua, wala hakuna aliyemlipa. Mchezaji mwenye uwezo alileta kipande cha sabuni, na asiye na uwezo jezi yake ilifuliwa vilevile.

Jezi kumi na tatu alizikunja moja baada ya nyingine. Ya kumi na nne aliinyanyua mbele ya macho akaitazama kwa makini. Ilikuwa ya namba tano, nayo ilikuwa imechanika kutoka kwapani hadi karibu na kiuno. Akamwita mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka 17 ambaye ndiye aliyekuwa mlinda mlango wa timu, amletee sindano na uzi.

Kijana akaitazama ile jezi, kisha akatazama pembeni.

"Hiyo iache, Mama. Mwenyewe ana nyumba yake na watu wake."

"Kesho ataingia uwanjani na nini?"

"Ataingia na alichonacho."

Mama hakujibu. Alikwenda kuchukua sindano mwenyewe.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya msimu. Timu nane za vilima vya jirani zilikuwa zimekutana kila moja na mwenzake tangu mwanzo wa kiangazi, na sasa zilikuwa zimebaki mbili kileleni. Mechi moja tu ndiyo ingeamua nani atachukua kikombe, na nani atasubiri mwaka mzima.

Timu hizo ni za ridhaa. Katika timu ya kilima hiki mmoja alikuwa fundi wa matofali, mmoja alibeba abiria kwa baiskeli, wawili walikuwa wakulima wenye wake na watoto, na waliobaki walikuwa wanafunzi. Mpira walionunua Gitega kwa mchango ulikuwa umekwisha kushonwa mara tatu. Milingoti ya magoli ilikuwa ya mikaratusi, na uwanja wenyewe, kama viwanja vingi vya nchi ya vilima, ulikuwa na mteremko. Timu iliyoanza kucheza ikishuka ilijitahidi kufunga mapema, kwa kuwa ilijua kwamba kipindi cha pili kitakuwa cha kupanda.

Timu hii ilikuwa na sifa njema, lakini ilikuwa na ugonjwa mmoja. Katika mechi saba ilikuwa imefungwa mabao manne, na matatu kati ya hayo yaliingia kwa njia moja. Mpira mrefu ulirushwa kati ya mlinda mlango na beki wa kati, beki akadhani kipa ataufuata, kipa akadhani beki atauondoa, na mshambuliaji wa upande wa pili akapita katikati yao kama mtu apitaye katika mlango ulioachwa wazi. Watazamaji walisema kwamba hiyo ni bahati mbaya. Wachezaji wenyewe walijua kwamba si bahati. Mlinda mlango alikuwa akiwaita wenzake wote kwa majina yao, "fulani, rudi", "fulani, toa", isipokuwa mmoja. Beki wa kati, yule mwenye jezi namba tano, hakupata kuitwa jina lake hata siku moja tangu msimu uanze.

Sababu ya jambo hilo haikuwa katika mpira. Ilikuwa katika shamba.

Babu wa mlinda mlango alizaliwa kilimani hapo. Mwaka 1972, akiwa kijana wa miaka 18, mauaji ya mwaka ule yalimkimbiza pamoja na makumi ya maelfu ya Warundi wengine, akavuka mpaka kuingia Tanzania. Alikaa katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora. Huko alioa, huko alizaa watoto, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili ambacho mpaka leo hukitumia nyumbani kwake. Aliporejea mwaka 2008 pamoja na maelfu ya wakimbizi wengine wa mwaka 1972, alikuta shamba la baba yake lina watu. Hawakuwa wezi. Walikuwa wamepewa shamba hilo na wakuu wa wakati ule, wakalima, wakapanda migomba, wakazaa na kuzika katika udongo uleule.

Shauri lilichukua miaka. Mwisho Bashingantahe, yaani wazee waaminifu wa kilima, waliligawa shamba katikati. Kwenye mpaka ilipandwa safu ya minyaa, mimea ambayo Warundi huiita imiyenzi, na ambayo tangu zamani huonyesha pale haki ya mtu mmoja inapoishia na ya mwenzake inapoanzia. Upande mmoja wa minyaa alikulia mlinda mlango. Upande wa pili alikulia namba tano. Walisoma shule moja, walichota maji chemchemi moja, na hawakupata kusemezana.

Hata hivyo babu, ambaye alirejea akiwa na uchungu mwingi, alikuja kufahamu jambo ambalo mjukuu wake hakulifahamu. Nyumba ya pili nayo ilikuwa na kilio chake. Tarehe 9 Septemba 2002, wakati wa vita, askari wa jeshi la wakati ule waliwaua raia zaidi ya 170 katika tarafa hiyo ya Itaba. Bibi wa namba tano alimzika mumewe na wanawe wawili kwa siku moja. Basi mmoja alikimbia akapoteza nyumba, na mwingine alibaki akapoteza watu. Aliyeweza kupima uchungu huo kwa mizani akasema upi ni mzito, alikuwa bado hajazaliwa.

Usiku ule wa Jumamosi, baada ya chakula cha maharage na ndagala, babu alimwona mjukuu wake amekaa kimya karibu na moto huku mama yake akishona ile jezi. Hakumkaripia. Alimuuliza swali.

"Mjukuu wangu, wajua kwamba mimi niliwahi kuiona fainali kwa macho yangu?"

Kijana alijua. Hadithi ile aliisikia mara nyingi, lakini adabu ilimfanya aseme, "Nieleze, Babu."

Babu alikuwa na miaka 20 wakati huo. Alikuwa amepanda treni kutoka Tabora kwenda Mwanza kutafuta kibarua, akawa anabeba mizigo. Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 1974, mji wote wa Mwanza ulielekea uwanja wa Nyamagana. Simba na Yanga, timu mbili kubwa za Dar es Salaam, zilikuwa zimeletwa huko kuamua ubingwa wa Tanzania. Wachezaji wa siku zile walikuwa wa ridhaa, wasio na mikataba ya mamilioni kama ya siku hizi, na wengi waliishi kwa kazi nyingine. Watu waliwapenda kama wapendavyo ndugu zao.

Katika dakika ya 16 Adam Sabu aliifungia Simba bao. Baada ya hapo dakika zilikwenda, Yanga wakishambulia na Simba wakizuia. Nusu saa ikapita, saa nzima ikapita. Watu wa Simba waliokuwa karibu na babu walikwisha kuanza kupongezana. Zikiwa zimebaki dakika tatu tu, katika dakika ya 87, Gibson Sembuli, mchezaji aliyesifiwa kwa ukali wa mashuti yake, akasawazisha. Ikabidi muda wa nyongeza uchezwe. Katika dakika ya 97 Sunday Manara akafunga bao la pili, na Yanga wakawa mabingwa kwa mabao 2 kwa 1.

"Mimi nilikuwa upande wa Simba," babu alisema. "Nilirudi nilikolala bila kula. Nilidhani Simba imekufa. Kumbe mwaka uleule wa 1974 Simba ilifika nusu fainali ya klabu bingwa za Afrika, ikatolewa na Mahalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti tu. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

Kijana alitabasamu. Alidhani hadithi imekwisha, kwa kuwa siku zote iliishia hapo. Lakini safari hii babu aliendelea.

"Sasa nitakueleza nisilokueleza siku nyingine. Wale Yanga walioshinda, wajua walifikia wapi? Simba hawakuwaweza. Walijivunja wenyewe. Ugomvi uliingia ndani ya klabu, na mwaka 1976 wachezaji waliotoka wakaunda timu yao, Pan African. Pan ikawa timu nzuri, ikachukua ubingwa mwaka 1982. Lakini ile Yanga ya Nyamagana hakuna aliyeiona tena. Timu huweza kufungwa na adui na ikapona. Ikifungwa na watu wake wenyewe, haina dawa ya haraka."

Mama alikata uzi kwa meno, akaendelea kushona bila kuinua macho.

Mlango ulibishwa. Alikuwa baba wa nyumba, askari wa polisi aliyekuwa akifanya kazi mbali na nyumbani, na ambaye alikuwa ameomba ruhusa ya siku mbili ili amwone mwanawe akicheza. Walimpokea kwa furaha, wakampa maji ya kunawa na chakula. Alipokwisha kula aliulizwa habari za safari, na mazungumzo yakarudi palepale kwenye mpira.

Baba naye alikuwa na fainali yake, ingawa haikuitwa fainali. Tarehe 23 Machi 2019 alikuwa kazini katika uwanja wa Prince Louis Rwagasore, Bujumbura. Burundi ilikuwa ikicheza na Gabon mechi ya mwisho ya kundi, na ilihitaji sare tu ili iingie katika Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu ijiunge na FIFA mwaka 1972. Uwanja ulijaa. Amri yake ilikuwa kusimama kandokando ya uwanja, uso kwa watu na mgongo kwa mchezo.

"Niliingia uwanjani, na sikuiona mechi," alisema. Wote wakacheka. "Lakini niliisoma katika nyuso za watu. Katika kipindi cha pili waliinuka wote kwa pamoja kama shamba la mtama lililopigwa na upepo, nikajua kwamba tumefunga. Alikuwa Cédric Amissi. Baada ya dakika chache wakanyamaza wote, wengine wakashika vichwa. Nikajua kwamba tumefungwa. Sikujua kwamba mtu wetu mwenyewe ndiye aliyeuingiza mpira katika lango letu."

Kijana aliinua kichwa. "Wakamfanyaje, Baba?"

"Nilikuwa nimejiandaa kuzuia mawe. Hapakuwa na jiwe. Wenzake walimwinua, wakacheza dakika zilizobaki, ikaisha 1 kwa 1, na Burundi ikafuzu. Wangeanza kulaumiana pale, Gabon wangepata la pili, na nchi nzima ingelia." Akanyamaza kidogo. "Kule Misri mwezi wa Juni tulifungwa mechi zote tatu, na Nigeria, na Madagascar, na Guinea, bila kufunga hata bao moja. Lakini waliporudi walikuwa bado ni timu."

Babu akaongeza kwamba kushindwa kwa mpira ni shule ndefu. Gor Mahia ya Kenya ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1979, ikafungwa na Canon ya Yaoundé mabao 2 katika mechi moja na 6 katika nyingine, bila kurudisha hata moja. Miaka minane baadaye, mwaka 1987, ilirudi katika fainali hiyohiyo. Ilitoka sare ya 2 kwa 2 na Espérance huko Tunis, kisha sare ya 1 kwa 1 Nairobi, ikatwaa kombe kwa sababu ya mabao mawili iliyofunga ugenini. Na Vital'O ya Bujumbura ilifika fainali ya kombe hilo mwaka 1992, ikatoka sare ya 1 kwa 1 nyumbani na kufungwa 4 kwa bila Abidjan na Africa Sports. Ilisubiri miaka 21 kabla ya kulichukua Kombe la Kagame huko Darfur mwaka 2013, kwa kuifunga APR ya Rwanda mabao 2 kwa bila.

Usiku ulikuwa umekwenda. Mama aliikunja jezi ya namba tano, akaiweka peke yake juu ya kigoda.

"Kesho alfajiri utampelekea," alisema.

"Mama, wote huja kuchukua jezi hapa."

"Yeye haji hapa. Siku zote huletewa na mwenzake. Hujaona?"

Kijana alikuwa ameona. Alimtazama baba yake, naye baba akatazama moto. Alimtazama babu yake, ambaye ndiye aliyekuwa na haki ya kukataza kuliko wote, kwa kuwa shamba lilikuwa la baba yake. Babu alisema neno moja tu: "Nenda."

Alfajiri ile ukungu ulikuwa umejaa mabondeni, na vilele vya vilima vilikuwa vimejitokeza juu yake kama visiwa ziwani. Kijana alipita penye mwanya wa minyaa, akiwa ameishika jezi kwa mikono miwili. Bibi wa namba tano alikuwa nje akifagia. Alisimama, ufagio mkononi.

"Mwaramutse, Bibi," kijana alimwamkia kwa Kirundi kwa heshima. "Nimeleta jezi. Mama ameishona."

Bibi aliipokea, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, kama wafanyavyo wanawake wanaojua kazi. Kisha akasema, "Mwambie mama yako nimeuona mkono wake." Hakusema zaidi. Nyuma yake mjukuu wake alikuwa amesimama mlangoni. Vijana wale wawili walitazamana. Mmoja akasema kwamba wakutane uwanjani saa nane. Mwingine akaitikia. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza.

Saa tisa alasiri, mbele ya watu waliokuja kwa miguu kutoka vilima vyote, refa alipuliza kipenga. Kijani walipangiwa kuanza kwa kupanda. Katika dakika za mwanzo mpira mrefu ulirushwa, ule ule wa siku zote, ukadunda kati ya kipa na beki. Wapenzi wa timu walifumba macho. Ndipo iliposikika sauti ya mlinda mlango, kubwa kuliko kelele za uwanja, ikilitaja jina la namba tano na kuongeza neno moja: "Wangu!" Beki alisimama papo hapo, akampisha na kumkinga mshambuliaji kwa bega, na kipa akaudaka mpira kifuani. Wageni hawakuona ajabu yoyote. Watu wa kilima kile walitazamana.

Tangu hapo mlango ule ulifungwa. Mpira wa namba ile ulirushwa mara nyingi, na kila mara jina liliitwa. Wapinzani walipata bao lao kwa njia nyingine, kwa mkwaju wa adhabu uliopita juu ya ukuta wa wachezaji, na hakuna aliyekuwa na wa kumlaumu. Katika kipindi cha pili kijani, wakishuka sasa, walipata kona, na yule fundi wa matofali akaruka juu ya wote akasawazisha kwa kichwa. Mechi iliisha 1 kwa 1. Kwa kuwa jua lilikuwa likishuka, waamuzi na manahodha walikubaliana kwenda moja kwa moja kwenye penalti.

Wapinzani walitangulia kupiga. Waliingiza mbili za kwanza, na ya tatu mlinda mlango wa kijani aliiokoa kwa kujitupa kushoto. Ya nne na ya tano zikaingia. Kijani nao waliingiza mbili, ya tatu ikapaa juu ya lango, ya nne ikaingia. Ikabaki moja. Ikiingia, mambo yanaanza upya. Isipoingia, msimu umekwisha. Aliyepangwa kuipiga alikuwa namba tano.

Watu walianza kusukumana wakiingia uwanjani. Baba wa mlinda mlango hakuwa kazini siku ile, wala hakuvaa sare, lakini mazoea yana nguvu. Alinyoosha mikono kuwasaidia askari wawili wa zamu kuzuia umati, akageuza mgongo kwa uwanja. Kwa hiyo hakuuona mkwaju. Alimwona mkewe, aliyekuwa mstari wa mbele. Aliona uso wake ukingoja, kisha akasikia kishindo cha mpira ukigonga mti wa mkaratusi, na uso ule ukainama. Akajua.

Wapinzani walishangilia, nao walikuwa na haki. Namba tano alipiga magoti pale alipokuwa, paji la uso likigusa udongo. Kutoka upande wa mashabiki wa kijani lilitoka neno baya. Mtu mmoja alipaza sauti kwamba kijana yule ameuza mechi, kwa kuwa mama yake alizaliwa katika kilima cha wapinzani. Mwingine akaliokota neno hilo akalirudia. Katika nchi iliyopita mambo iliyopita Burundi, neno kuhusu asili ya mtu si neno la kuchezea. Wazee wachache waligeuka kutazama ni nani aliyesema.

Mlinda mlango alikuwa amesimama kando ya lango. Alivua glavu zake, akatembea zile mita 11 mpaka pale mwenzake alipopiga magoti, akamshika chini ya kwapa, palepale mama yake aliposhona, akamwinua. Kisha akaligeukia kundi lile.

"Mabao matatu tuliyofungwa msimu huu yalikuwa yangu," alisema. "Hamkusema kwamba nimeuza. Basi na yeye msimseme."

Hakuna aliyejibu. Baba yake, aliyekuwa bado ameupa uwanja mgongo, aliyasikia maneno hayo bila kumwona aliyeyasema. Akabaki amesimama vilevile, mikono imenyooshwa, mpaka watu walipoanza kutawanyika. Wachezaji wa kijani wakapanga mstari na kuwapa mkono waliowashinda.

Wale wawili walirudi kwa njia moja. Walitembea bila kuzungumza sana, kwa kuwa aliyeshindwa hana maneno mengi. Walipofika penye mwanya wa minyaa wakaagana, kila mmoja akaingia kwao. Babu, aliyekuwa amekaa nje kwa sababu miguu yake haikumruhusu tena kufika uwanjani, alimuuliza mjukuu wake matokeo. Alipoambiwa, alitikisa kichwa, akamwonyesha mahali pa kukaa karibu naye.

Ingekuwa vizuri kusema kwamba siku ile ugomvi wa shamba ulikwisha. Haukwisha. Minyaa ipo palepale ilipopandwa, na wako watu wa pande zote mbili ambao bado huhesabu hatua wanapolima karibu nayo. Mpira haugawi ardhi, wala haufufui waliokufa. Wahenga wamesema kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, na wakipatana, chukua kapu ukavune. Hapa hapakuwa na ndugu. Palikuwa na majirani wawili waliokosewa, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja na watu wengine.

Lakini Jumatatu asubuhi, mama alipokuwa akizitundika jezi za kijani kambani kwa mara ya mwisho kabla ya msimu mwingine, alihesabu kumi na tatu. Alidhani moja imepotea. Aliinua macho, akamwona bibi wa upande wa pili amesimama penye mwanya wa minyaa, mahali ambapo hakupata kupita kwa miaka yote tangu ulipowekwa mpaka. Mkono mmoja alikuwa na kikapu cha maharage mabichi. Mkono wa pili alikuwa na jezi ya namba tano, imefuliwa na kukauka, na upande wa pili wa kwapa, ambao nao ulikuwa umeanza kulegea, ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

"Karibu, Mama," mwenye nyumba alisema, akamtolea kigoda.

Bibi aliinama kidogo, akapita.